Gredi B ya Kiswahili Mlangoni mwa Sheria

Penye nia pana njia, walinena wahenga, lakini kuna njia zinazopitia mlango wenye bawabu. Anayetaka kuwa wakili nchini Kenya hukutana na bawabu huyo mapema. Jedwali la Pili la Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012 lilitaja, miongoni mwa sifa za kuingilia chuoni humo, gredi wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE pamoja na gredi B katika Kiingereza au Kiswahili. Kanuni za Elimu ya Sheria za mwaka 2016 zilifuata mkondo uo huo kwa wanaotaka kusomea shahada ya kwanza ya sheria vyuoni. Mahakama nazo zimesikiliza kesi kadhaa kuhusu ni nani hasa anayefungwa na masharti ya jedwali hilo, na ni nani anayestahili kufanya mtihani wa kabla ya kuingia chuoni. Katika mabishano hayo yote, kiunganishi 'au' kilichosimama baina ya Kiingereza na Kiswahili hakijapata wa kukizungumzia.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, kiunganishi hicho ni fahari. Lugha ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya sokoni na ya jukwaa la siasa imewekwa sako kwa bako na Kiingereza mlangoni mwa taaluma ambayo watu huiheshimu na kuiogopa. Makala haya hayakusudii kuipunguza fahari hiyo. Yanakusudia kuuliza swali ambalo idara za Kiswahili hazijaliuliza vya kutosha: gredi B ya Kiswahili inathibitisha nini? Sheria imeiamini kuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kusoma kwa makini, kupima hoja na kujieleza bila utata. Maoni ya makala haya ni kwamba imani hiyo ni ya haki, kwa kuwa Kiswahili kina uwezo wote wa kupimia mambo hayo. Lakini jinsi somo hili linavyofundishwa na kutahiniwa inaelekea kuivunja imani yenyewe.

Mtihani wa sheria usiouliza sheria

Ili kuelewa kwa nini shule ya sheria huuliza habari za lugha, ni vyema kutazama mtihani ulio maarufu zaidi wa aina hii, ule ufanywao na wanaotaka kujiunga na shule za sheria za Marekani na Kanada. Mtihani huo, LSAT, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na siku hizi alama zake huanzia 120 hadi 180. La kushangaza kwa mgeni ni kwamba hakuna swali lolote la sheria ndani yake. Mtahiniwa haulizwi katiba, mikataba wala makosa ya jinai. Tangu Agosti 2024 sehemu zinazohesabiwa ni tatu, kila moja ya dakika 35: mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu. Huongezwa sehemu ya nne ya majaribio isiyohesabiwa, na kando yake insha ya hoja. Sehemu ya mafumbo ya mpangilio, ambayo kwa miaka mingi iliwatia watahiniwa kiwewe, iliondolewa mwaka huo kufuatia maafikiano ya mwaka 2019 na watahiniwa wasioona, ambao hawangeweza kuchora michoro iliyosaidia kuyafumbua. Kilichobaki, ukikitazama vyema, ni mtihani wa lugha.

Swali la hoja katika mtihani huo huwa kifungu kifupi chenye dai na sababu zake. Mtahiniwa hutakiwa kubainisha kasoro ya hoja, au dhana ambayo mtoa hoja ameichukulia tu bila kuitaja, au taarifa itakayoitia hoja nguvu, au itakayoidhoofisha. Mfano wa Kiswahili waweza kuwa huu: 'Washairi wote wa kimapokeo huzingatia vina. Mshairi huyu anazingatia vina. Kwa hivyo, mshairi huyu ni wa kimapokeo.' Hoja hii huvutia sikio, nayo si ngeni katika semina za fasihi, lakini haisimami. Kwamba wanamapokeo wote huzingatia vina hakumaanishi kwamba kila azingatiaye vina ni mwanamapokeo. Badala ya vina weka alama za vidole, badala ya mshairi weka mshukiwa, na kasoro iyo hiyo yaweza kumtia mtu gerezani.

Wanaojitayarisha kwa mtihani huo hujifunza upesi kwamba kukariri hakuwafai. Hakuna orodha ya majibu ya kumeza usiku wa kuamkia mtihani. Hufanya karatasi za miaka iliyopita, tena kwa saa iliyopimwa, kisha huyarudia majibu yao mabaya moja baada ya jingine hadi wajue ni wapi fikra ilipoteleza. Husoma vifungu vizito vya sayansi, historia, sanaa na sheria ambavyo hawajawahi kuviona. Kazi hiyo huwachukua miezi. Ni kweli kwamba fedha huingia kati: aliye na uwezo hujiandikisha katika kozi za kulipia, na mnyonge hubaki na kitabu alichoazima. Ni kwa sababu hiyo mwaka 2018 taasisi ya Khan Academy ilishirikiana na waandalizi wa mtihani kutoa matayarisho ya bure mtandaoni. Hata hivyo, tajiri na maskini wote hunolewa kwenye jiwe moja: kusoma polepole, kisha kusoma haraka bila kupoteza ule upole.

Mantiki iliyomo katika sarufi

Wako wanaodhani kwamba makali ya aina hiyo hupatikana kwa Kiingereza pekee. Dhana hiyo haina mashiko. Sarufi ya Kiswahili imejaa vifaa vya mantiki ambavyo mwanasheria yeyote angevionea wivu. Tazama nafasi ya ukanushi. 'Si lazima mshtakiwa aseme' ni haki. 'Lazima mshtakiwa asiseme' ni dhuluma. Maneno ni yale yale, ila ukanushi umehama kutoka kwenye ulazima hadi kwenye usemi. Hali kadhalika, 'Si mashahidi wote waliofika' na 'Mashahidi wote hawakufika' ni taarifa mbili tofauti. Ya kwanza inawezekana kuwa ya kweli hata ikiwa shahidi mmoja tu ndiye aliyekosa. Ya pili, kwa msomaji makini, huacha kizimba cha mashahidi kikiwa kitupu.

Tazama pia viambishi vya masharti. Kwa mujibu wa sarufi sanifu, shahidi anayesema 'Angeniona angekimbia' ameacha mlango wazi, bali anayesema 'Angaliniona angalikimbia' ameufunga: jambo halikutokea na wakati wake umepita. Tazama tofauti ya 'anaweza kumfukuza mpangaji' na 'sharti amfukuze mpangaji'; moja ni ruhusa na nyingine ni wajibu, na kesi nyingi za nyumba husimama juu ya tofauti hiyo. Hata kile kiunganishi 'au' kina mambo yake. Je, mtu akipata B katika lugha zote mbili amekiuka sharti? Hakuna atakayesema hivyo, lakini kueleza ni kwa nini hakuna atakayesema hivyo ni zoezi kamili la mantiki.

Mwanafunzi wa shule ya upili hukutana na vipashio hivi vyote katika karatasi ya pili ya KCSE, ambamo matumizi ya lugha hubeba alama 40 kati ya 80. Kwa bahati mbaya, aghalabu huulizwa vinaitwaje, wala si vinafanya nini. Atataja kiambishi cha masharti na kukipigia mstari, naye hajawahi kuulizwa ni jambo gani linalofuata au lisilofuata kutokana na sentensi iliyo mbele yake. Amepewa kisu akafunzwa jina la chuma.

Miongozo imeumeza usomaji

Hapa ndipo lawama inaporudi nyumbani. Karatasi ya KCSE ya Kiswahili, ikichukuliwa kwa uzito wake, ina nafasi za kutosha za kupima fikra. Ufahamu una alama 15, ufupisho 15. Ufupisho hasa ni ndugu wa kazi ya wakili: kuichukua taarifa ndefu, kutenga kiini na mapambo, na kukisema kiini hicho kwa uaminifu katika maneno machache uliyopewa. Karatasi ya kwanza ina insha mbili, na karatasi ya tatu ya fasihi ina alama 80 ambazo zingetosha kumfunza mtahiniwa kutoa dai na kulithibitisha kwa ushahidi kutoka matinini.

Lakini nenda katika maduka ya vitabu ya mji wowote nchini uhesabu. Kwa kila kitabu teule kuna miongozo kadhaa, na wako wanafunzi wanaousoma mwongozo bila kuifunua riwaya yenyewe. Maudhui yamehesabiwa, sifa za wahusika zimepangwa, mbinu za lugha zimeorodheshwa pamoja na kurasa zake. Insha nazo hutungwa kwa vipande vilivyokaririwa: jua lile lile lililochomoza, ndege wale wale waliolia, methali zile zile zilizopachikwa popote penye nafasi. Mwanafunzi wa namna hii aweza kupata B, na pengine A, bila kukumbana hata mara moja na matini ngeni inayomtaka aamue mwenyewe. Mwalimu si wa kulaumiwa peke yake. Hupimwa kwa wastani wa alama, naye hufundisha kinachopimwa. Lakini matokeo ni kwamba cheti kinasema jambo moja na akili inasema jingine.

Vyuo vikuu havijasalimika. Kozi za nadharia za uhakiki mara nyingi huishia katika kutaja waasisi na mihimili, kisha nadharia 'kutumiwa' kwa kutafuta mifano inayoiafiki. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa: ni ushahidi gani katika matini hii ungeivunja hoja yako? Swali hilo ndilo wanaojitayarisha kuingia shule za sheria hufanyizwa mazoezi kila siku. Idara ya fasihi isiyoliuliza haina sababu ya kushangaa watu wanapodai kwamba Kiswahili ni somo la kujipatia alama.

Kizimbani hakuna mwongozo

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Hasha. Mwenye kuulipia udhaifu huu ni mwananchi aliyesimama mbele ya hakimu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumiwa kortini. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai nayo imetaja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini. Hapa pia kiunganishi 'au' kimejitokeza, na hapa hakiamui nani aingie chuoni. Kinagusa uhuru wa mtu.

Kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliweka hatua za kufuatwa mshtakiwa anapojibu mashtaka. Shtaka na viini vyake vyote lazima lielezwe kwa lugha anayoielewa, na iwapo anakiri, maneno yake mwenyewe yaandikwe kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka. Baada ya hapo upande wa mashtaka hueleza ukweli wa mambo, naye hupewa nafasi ya kuukubali, kuupinga au kuongeza maelezo. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuisoma kesi hiyo kama asomavyo tamthilia, kwa kuwa kiini chake ni lugha.

Chukua mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa baiskeli, naye akajibu: 'Ni kweli niliichukua.' Je, amekiri? Kuchukua si kuiba. Wizi katika sheria unahitaji nia ya ulaghai, kama vile nia ya kumnyima mwenye mali mali yake daima. Akiongeza, 'nilidhani ni ya ndugu yangu,' amekana kosa kwa maneno yanayoanza na 'ni kweli'. Karani anayetafsiri upesi, hakimu mwenye foleni ya kesi na wakili asiyelisikia pengo baina ya vitenzi viwili wanaweza kwa pamoja kumfunga mtu asiye na hatia. Vivyo hivyo kwa majina: mshukiwa, mshtakiwa na mhalifu ni hatua tatu tofauti, na vyombo vya habari vinapozichanganya huwa vimetoa hukumu kabla ya mahakama. Wakili aliyepita mlangoni kwa gredi B ya Kiswahili ndiye angetarajiwa kuyasikia haya. Ikiwa gredi hiyo aliipata kwa kukariri, mteja wake hana wa kumtetea.

Pingamizi na majibu yake

Kuna pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Inasemwa kwamba mihadhara, vitabu, ripoti za kesi na mitihani ya sheria nchini ni ya Kiingereza. Kwa hivyo kumruhusu mtu aingie kwa Kiswahili ni kumpa mtumbwi akavuke jangwa. Pingamizi hili lina ukweli. Mwanafunzi mwenye B ya Kiswahili na Kiingereza dhaifu atataabika, na itakuwa si uungwana kumficha jambo hilo. Anayejitayarisha kuingia shule ya sheria sharti anoe lugha zote mbili.

Hata hivyo, pingamizi hilo linathibitisha jambo lisilokusudiwa nalo. Kama kasoro ni kwamba ndani ya mlango hamna Kiswahili, dawa si lazima iwe kukiondoa mlangoni. Yaweza kuwa kukiingiza ndani. Tanzania ilichukua hatua mwaka 2021 kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Hatua hiyo haikuondoa matatizo yote. Oktoba 2022, ilipobainika kwamba kati ya watahiniwa 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, 342 wakitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakishindwa kabisa, serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuchunguza hali hiyo, na mjadala wa lugha ukazuka upya. Funzo lililopo ni kwamba lugha haiwezi kubadilishwa kwenye kifungu cha sheria pekee. Yahitaji vitabu, istilahi na walimu. Kazi hizo tatu ndizo idara za Kiswahili zilizoundwa kuzifanya.

La kufanya, na wakati wa kulifanya

Saa haingoji. Tangu matokeo ya KCSE ya mwaka 2023, gredi wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vyema zaidi na masomo mengine matano. Anayeona Kiingereza kinamtosha anaweza kukiacha Kiswahili kijikokote. Isitoshe, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na KCSE ya mwisho inatarajiwa mwaka 2027. Mtaala huo hupima kwa viwango vya kufikia au kuzidi matarajio. Punde si punde mtu fulani atalazimika kuliandika upya jedwali la sifa za kuingilia masomo ya sheria na kuamua ni kiwango gani cha Kiswahili kinacholingana na B ya zamani. Wataalamu wa Kiswahili wasipokuwepo mezani siku hiyo wakiwa na hoja madhubuti, kile kiunganishi 'au' chaweza kufutwa kwa kalamu moja, na hakuna atakayesikia kikilia.

Kuna mambo matatu yanayowezekana bila kungoja fedha za serikali. La kwanza, wahadhiri waingize katika mitihani yao matini ngeni na maswali ya kupima hoja: dai ni lipi, limejengwa juu ya dhana gani, lingevunjwa na nini. La pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo huandaa makongamano na mashindano ya ushairi, viandae pia vikao vya kuwatayarisha wanaotaka kuingia sheria, wakisoma pamoja vifungu vya Katiba kwa Kiswahili na kujadili kila 'au', 'iwapo' na 'isipokuwa'. Malumbano ya washairi wa pwani yalikuwa shule ya hoja kabla ya shule yoyote ya sheria kujengwa katika janibu hizi. Mshairi aliyejibiwa alilazimika kuishika hoja ya mwenzake barabara kabla ya kuibomoa, tena ndani ya vina na mizani. La tatu, idara za Kiswahili na za sheria zishirikiane katika istilahi, ili hukumu, uamuzi, adhabu, dhamana na kiapo yawe maneno yenye mipaka inayojulikana, yasiwe mapambo ya taarifa ya habari.

Sheria imekipa Kiswahili heshima ya kusimama mlangoni. Heshima hiyo haikuombwa na vizazi vya sasa, na hakuna aliyewaahidi kwamba itadumu. Itadumu iwapo mwenye gredi B ya Kiswahili, akipewa matini ngeni na dakika chache, ataweza kusema kinachofuata na kisichofuata, na iwapo, akikaa kando ya mshtakiwa asemaye 'ni kweli niliichukua', atasimama na kumwomba hakimu asubiri. Chanda chema huvikwa pete. Kiswahili kimekwisha kuvikwa. Kilichobaki ni wenye Kiswahili kuhakikisha kwamba chanda chenyewe ni chema.